Kaunsela wa vijana Tudor, rivyu ya mzazi: nyota 4 kati ya 5

Hii rivyu nlitaka kuiandika kitambo lakini kila nkishika simu mkono unakuwa mzito, sababu si rivyu ya hoteli wala ya friji, ni ya mtu aliyekaa chumbani na mwanangu saa nzima akamuuliza swali ambalo mimi babake nliliogopa wiki tatu. Jina la kliniki silitaji na la kaunsela pia silitaji, binti yangu ana miaka 16 na Mombasa hii ndogo, ukitaja mlango tu kesho kuna mtu atajua ni mtoto wa nani. Ntasema tu iko Tudor, ghorofa ya kwanza, chini yake pana duka la dawa. Ninachotaka ni mzazi ajue akienda kwa kaunsela wa vijana atakutana na nini, atalipa nini, ataulizwa nini, kwa sababu mimi nlienda sijui kitu na nusura nirudie kwenye ngazi.

Mtoto alikuwa bodingi huko bara, mwaka jana akarudi likizo akasema harudi tena, hakusema kwa nini, tukamtafutia shule ya dei huku huku Mombasa akaingia kidato cha pili. Sisi tukadhani yamekwisha. Mimi nlikuwa nafanya kazi kwenye yadi ya makontena, kazi ikaisha, sai nauza spea za tuktuk Mwembe Tayari, kuna siku pesa ipo na kuna siku haipo, na nyumbani maneno mengi, mimi na mamake tunarushiana, karo haijakamilika, mtoto karudishwa nyumbani mara mbili muhula mmoja. Siku moja nimechoka nkasema mbele yake, karo yako ndiyo mzigo unaotumaliza. Nlisema nkasahau. Yeye hakusahau.

Dalili zilikuwepo, sasa ndiyo naziona. Nkiamka saa nane usiku naona mwanga wa simu chini ya mlango wake, nkadhani ni TikTok, nkaichukua simu nkaifungia kabatini, kumbe simu siyo iliyomkosesha usingizi, usingizi wenyewe ulikuwa umemkimbia na simu ndiyo ilikuwa ya kumpitishia usiku. Asubuhi mahamri anamega kidogo anaacha. Madrasa ya Jumamosi akaacha, akasema kichwa chamuuma. Kisha kuna ile ya pini. Ana kibati chake cha pini za mtandio, kile kibati cha biskuti cha zamani, amezikusanya tangu darasa la tano, nyengine za lulu nyengine za vipepeo, hampi mtu hata kwa kuazima. Siku hiyo namuona mtoto wa dada yangu anatoka na kibati kizima mkononi, nkamuuliza, akanambia, "Mjomba, kanipa, kasema hazihitaji tena." Mimi nkafurahi. Nkasema mtoto amekuwa mkarimu, amekua.

Wiki hiyo hiyo nyanyake wa Kibokoni kanipigia simu sauti iko chini, ananambia mjukuu wangu alikuja hapa akanisaidia kupepeta mchele, katikati ya kazi akasema hivi karibuni atawapunguzia mzigo. Nkamuuliza, "Mzigo gani, mama?" lakini nlikuwa najua ni mzigo gani, neno lile nlilitoa mimi.

Kabla ya kufika Tudor tulipita milango mitatu. Shuleni mwalimu wa ushauri akasema ni ubaleghe tu, atazoea, mwambieni atie bidii kwa masomo. Simlaumu sana, ana vipindi vyake vya kufundisha kama walimu wengine, na ofisi yake ndiyo hiyo hiyo stoo ya vitabu, watoto wanaingia kuchukua chaki huku unaongea. Hospitali moja tulifika dirishani, mhudumu akauliza kwa sauti mgonjwa ana shida gani, na nyuma yetu foleni nzima, mtoto akageuka akatoka nje bila kusema neno. Jamaa wa upande wa mama wakasema ni jini, akaandikiwa kombe, zile aya zinazooshwa kwa maji, akanywa. Ustadh aliyeliandika namshukuru mpaka leo, ni mtu mzima wa busara, alimsomea mtoto kisha akaniita kando akanambia dua tutaendelea nayo lakini huyu mpelekeni na kwa watu wa hospitali, si lazima uchague moja.

Jumapili usiku sikuweza tena, nkapiga 116, ile namba ya watoto ya Childline Kenya. Ni ya bure na iko saa 24, hata kama simu haina kredit inaingia. Aliyepokea hakunikimbiza, alinisikiza mpaka nkamaliza, kisha akanambia mambo matatu: usimwache peke yake usiku huu, muulize wazi wazi kama anafikiria kujitoa uhai, na kesho mtafutie mtu ambaye hii ndiyo kazi yake. Mawili nliyaweza. Kumuuliza sikuweza. Nlikaa ukingoni mwa kitanda chake nkamuuliza kama ana njaa.

Asubuhi jirani yetu ambaye ni mwalimu akanipa namba ya Tudor, na Jumanne tukaenda, mimi, mamake na yeye.

Sasa huduma yenyewe. Chumba kidogo, feni inalia, viti vinne vya aina moja hakuna meza ya kutenganisha watu, dirishani waona mnazi na tangi la maji la jirani. Kaunsela ni mama wa makamo, alimsalimia mtoto kwanza kabla yetu, akamwambia wewe ndiye mgeni wangu, hawa wamekusindikiza. Nlimuona mwanangu akiinua macho. Kisha akatoa sharti lake kabla ya maneno mengine, kwamba atakachoambiwa na mtoto kitabaki hapo, isipokuwa kama maisha ya mtoto yako hatarini, au ya mtu mwengine, au kuna mtu anamdhuru, hapo hatanyamaza, na akimwambia mtu atamwambia mtoto kwanza. Mke wangu akauliza, "Hata mimi mamake hanambii?" Akamjibu kwa adabu, "Hata wewe, mama, ila lile la hatari." Moyoni nkasema huyu mama ana kiburi. Baadaye ndiyo nkaelewa lile sharti ndilo lililomfanya mtoto aongee.

Kulikuwa na fomu pia, maswali tisa, mtoto anaweka alama kwa wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kujiona hafai, kushindwa kutuliza akili kwa masomo, na la tisa ndilo hilo la kufikiria afadhali afe. Mke wangu akaushika mkono wangu akanong'ona tusiandike hiyo, itafika polisi. Wengi wanaogopa hivyo hivyo na haikuwa hofu ya bure, kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilikuwa kinasema mtu akijaribu kujitoa uhai ametenda kosa na anaweza kufungwa hadi miaka 2. Kaunsela akatueleza kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba, na kwamba hata hivyo kufikiria haijawahi kuwa kosa, ni maumivu. Jamani hili litangazwe kwenye misikiti na makanisa, nina hakika kuna watu majumbani mwao wamekaa na watoto kimya kwa ajili ya hofu hii.

Halafu akatutoa sisi nje akabaki na mtoto. Tulikaa kwenye benchi dakika arubaini na kitu. Tulipoitwa akatwambia, kwa ruhusa ya mtoto, kwamba amemuuliza moja kwa moja na mtoto amejibu ndiyo, amekuwa akifikiria, tangu bodingi, na miezi miwili hii imezidi. Mimi kwa kweli nlikasirika, nkamwambia si umempandia mbegu ukimtamkia hivyo? Hakukasirika. Akasema wazazi wote wanamuuliza hilo, na limefanyiwa utafiti miaka mingi nchi nyingi, kumuuliza mtu kama anafikiria kujitoa uhai hakumtii wazo kichwani, wengi wanapumua maana wazo wanalo tayari na hawana pa kuliweka. Sikuamini sana mpaka tulipokuwa kwenye tuktuk tunarudi, mtoto kaegemea bomba, akasema polepole hata hakunitazama, "Baba, yule ndiye mtu wa kwanza kuniuliza."

Ziara ya pili ndiyo siwezi kuisahau. Alikuja na sahani ya komwe, hizi hizi za bao, akaziweka kwenye stuli katikati yetu. Akasema watu wakija hapa wanataka kuambiwa sababu, sababu moja, ni simu, ni mvulana, ni mtihani, ni jini, na yeye katika kazi yake hajawahi kuona moja, huwa ni nyingi zinakaa shimo moja. Akanambia, baba, weka komwe kwa kila kitu unachojua kinamlemea huyu mtoto. Nkaweka mbili, masomo na karo. Mamake akaweka moja, kuhama shule. Kisha akampa mtoto.

Aliweka kumi na moja. Nlizihesabu. Aliweka moja akasema bodingi, wale wasichana wa kidato cha nne waliokuwa wakimuamsha usiku awafulie na wakimfungia chooni. Akaweka moja ya rafiki yake aliyehamia Nairobi, na huyo ndiye alikuwa rafiki pekee. Moja ya kutolala. Moja ya stika, sikujua stika ni nini, akatoa simu akatuonyesha, wenzake darasani wamechukua picha yake wakamkata kichwa wakaifanya stika ya wasapu wakaiandikia matusi, na kila akiandika kitu kwenye kundi la darasa la kuulizia hata homuwaki anajibiwa kwa ile stika, sura yake mwenyewe. Nlitazama ile picha. Ni picha ya Idi, nlimpiga mimi, Mama Ngina, na tulikuwa tunacheka. Akaweka moja ya kuitwa mbele darasani asomewe alama zake. Moja ya ugomvi wetu usiku, akasema husikia kila neno, ukuta ni mwembamba. Moja ya siku tulizolala na chai kavu, alijua, na sisi tulidhani hajui. Zengine siziandiki hapa, ni zake. Ya mwisho akaishika muda, akaiweka akasema, "Hii ni ya mzigo."

Sikuweza kusema kitu. Kaunsela hakunitetea wala hakunishambulia, aliacha kimya kikae, kisha akanambia nijibu kwa mwanangu si kwake. Nkamuomba mtoto msamaha. Mimi nimezaliwa Likoni nimekua Likoni, sijawahi kuona mtu mzima anamuomba mtoto msamaha, na si jambo dogo.

Baada ya hapo ndiyo akatueleza kwamba kila komwe mtoto aliyoiweka, watafiti wameiona kwa watoto wa shule duniani. Kuna uchunguzi unaoongozwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Wamarekani, umeanza 2003 na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi za mwanzo mwaka huo huo, wanafunzi wa miaka 13 hadi 17 wanajaza karatasi darasani bila majina. Wanaulizwa kama miezi 12 iliyopita wamefikiria kwa dhati kujitoa uhai, na wanaulizwa pia kama wanaonewa na wenzao, kama wako peke yao, kama wasiwasi unawanyima usingizi, wana marafiki wa karibu wangapi, wanalala njaa kwa kukosa chakula nyumbani, wanapigana, wanatumia pombe au dawa za kulevya. Na nchi baada ya nchi yale mawazo yanakutwa zaidi kwa hao hao wanaoonewa, wasio na rafiki, wasiolala, wenye njaa, wanaotumia ulevi. Hiyo ya njaa ilinichoma. Sikuwahi kufikiri njaa inaweza kuingia kwenye akili ya mtoto namna hiyo, nlidhani ni tumbo tu. Na upande wa pili wa sahani akaweka komwe nyengine, vitu ambavyo kwenye utafiti huo huo vinaonekana kumkinga mtoto, mzazi anayeelewa shida zake, mzazi anayejua mtoto yuko wapi na anafanya nini, wenzake darasani kuwa wema kwake. Havina bei, hivyo vyote.

Akasema pia kuna komwe nzito kuliko zengine na mzazi asizichukulie kama zengine. Mtoto aliyewahi kujaribu, huyo ndiye wa kumwangalia kabisa. Mtoto aliyedhulumiwa mwili, na ndiyo maana huwa anawatoa wazazi nje kwanza, maana mara nyengine anayedhulumu ndiye aliyemleta au amekaa nyumba moja naye. Mtoto ambaye kuna mtu wa familia au rafiki aliyejitoa uhai. Mtoto mwenye maradhi ya muda mrefu, huku kwetu pwani wako wengi wenye selimundu, kuna wa kifafa, wanakosa shule wanachekwa wanachoka. Na dipresheni yenyewe, ambayo kwa kijana si lazima uone analia, waweza kuona hasira tu, anajibu vibaya, anapiga mlango, ukasema mtoto ameharibika tabia.

Kwenye benchi nje nlikutana na mama mmoja wa Kisauni na kijana wake wa miaka kumi na saba, mashavu yamevimba muguka, yale majani ya kulevya ya kutafuna. Tukaongea. Alisema kwake ilianza baada ya babake kufariki, hakulia hata siku moja, akaanza kutafuna, halafu halali siku mbili, halafu akiamka anasema maneno ya kutisha. Mnakumbuka Mei 2024 kaunti yetu ilipiga marufuku muguka, kisha mahakama ikasimamisha ile amri, sai inauzwa kama kawaida kwenye vibanda mpaka karibu na shule. Kaunsela aliniambia wasichana ndio wanaoonekana zaidi kuwa na mawazo haya na kujaribu, lakini wanaokufa wengi ni wavulana, na wavulana hawaletwi, wanaletwa wakishaharibikiwa na ulevi na hapo watu wanaona ulevi tu hawaoni kilicho nyuma yake. Nina mtoto wa kiume wa miaka 12 nyumbani. Nlirudi nkamtazama vyengine.

Kitu chengine ambacho kwangu ndicho kilistahili pesa yote ni karatasi. Inaitwa mpango wa usalama, karatasi moja tu, sehemu sita, na mtoto anaijaza kwa mkono wake kwa maneno yake. Kwanza ni dalili kwamba ile hali inakuja, yeye akaandika nkianza kuhesabu mapanga ya feni. Pili kitu anachoweza kufanya mwenyewe kujipitisha, akaandika kuosha nywele, kupanga pini (binamu yake alirudisha kibati bila kuambiwa na mtu, mtoto mzuri sana yule). Tatu mahali pa kwenda au watu wa kukaa nao bila hata kusema shida, akaandika barazani kwa nyanya. Nne watu wa kuwaambia waziwazi. Tano namba za watu wa kazi, kaunsela na 116. Sita kuiweka nyumba salama, na hiyo ilikuwa yetu wazazi, kaunsela alituuliza ndani ya nyumba kuna nini ambacho mtu mwenye dhiki anaweza kujidhuru nacho, tukapita naye chumba hadi chumba kwa maneno, vyengine tukavitoa vikaenda kwa dada yangu, vyengine vikafungiwa na ufunguo uko kwangu. Sitavitaja hapa, ukienda utaulizwa vya nyumba yako. Akasema ile hali kali mara nyingi ni ya muda, huja ikapita, na mtu akikosa cha kujidhuru nacho kwa muda ule wengi wanavuka.

Sehemu ya nne jina langu halikuwemo. Nyanyake, mamake, shogake wa Nairobi kwa simu. Nliisoma mara mbili. Kaunsela akanambia usimlazimishe akuandike, fanya kazi ya kuandikwa.

Kuhusu hilo la nyanya, kaunsela alitupa kisa kimoja kizuri. Huko Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 Harare mpango wa benchi, akina nyanya wa mtaani wanafundishwa kidogo, wanakaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, mwenye mawazo anakuja anakaa anaongea, na walipoupima kwa utafiti walikuta watu wanapata nafuu kweli. Mke wangu akasema basi sisi mabenchi tunayo, kila nyumba Old Town ina baraza ya mawe na bibi juu yake. Ni kweli, na sai zile baraza zengine zimebaki na paka.

Kuhusu shule. Kaunsela aliuliza mtoto kama anaweza kuongea na shule, mtoto akafikiri wiki nzima akakubali, kwa sharti wasimwite gwaride. Kaunsela akampigia naibu mwalimu mkuu, akamwandikia na barua, akamkumbusha kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto kupigwa na pia kuteswa kiakili shuleni, si kiboko peke yake. Kusomewa alama mbele ya darasa kukasimama kwa darasa lile. Kundi la wasapu likafungwa na wazazi wa wasichana wawili wa zile stika wakaitwa kimya kimya. Stika sidhani zimekwisha, kitu kikishaingia simu za watu hakitoki, lakini mtoto anasema hazitumwi tena. Kwa hiyo hapo nampa kaunsela kamili, kazi yake haikuishia kwenye kile chumba.

Nyumbani kaka yangu mkubwa alikuwa akisema haya ni mambo ya wazungu, sisi tulichapwa tukalala njaa na tuko hai. Nlikuwa nanyamaza kwa heshima, lakini siku moja nkamjibu. Nkamwambia, kaka, Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 wanajitoa uhai kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni kwenye nchi za kipato kidogo na cha kati, ndiyo sisi, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Na hao tuliochapwa nao, wote wako hai? Akakaa kimya muda mrefu. Akataja jina la mtu wa mtaani kwetu zamani, tuliyeambiwa alizama baharini. Hatujawahi kumtaja miaka thelathini.

Mambo ambayo sikuyapenda, na ndiyo nyota imetoka hapa. Msichana wa mapokezi anaita jina kamili kwa sauti kwenye korido, watu wote wanageuka, nlimwambia, akaomba radhi, wiki iliyofuata akaita tena. Wangetumia namba tu, hata kinyozi anatumia namba. Simu ya kliniki ni moja na ikiwa bize ni bize, na mzazi anayepiga pale huwa hapigi kuulizia bei ya nguo. Miadi mara mbili tulikaa zaidi ya saa moja, na mtoto wa namna hii ukimkalisha saa moja kwenye benchi anabadilisha nia. Bima haikusaidia hapo, SHA ya serikali hawakuipokea, ni pesa taslimu au M-Pesa. Mara ya kwanza sh 2,500, baadaye sh 1,500 kila ziara, na tumeenda mara tisa kwa miezi minne, hesabu mwenyewe. Nlipomwambia kaunsela hali yangu akanipunguzia ziara tatu mpaka sh 800, lakini nlilazimika kusema, na kuna wazazi hawatasema wataacha kuja tu. Kama huna kabisa anza na 116, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, nayo ni ya bure, wataongea na wewe mzazi pia si mtoto pekee.

Na sikupenda kwamba hakuna aliyenambia mwanzoni kwamba atarudi nyuma. Wiki ya mitihani alirudi nyuma, usiku mbili tukakesha naye zamu, nkadhani tumepoteza pesa na kila kitu. Kaunsela tulipompigia alisema hii inatarajiwa, toeni karatasi muifuate mstari kwa mstari, na kesho yake akampa nafasi bila miadi. Lakini hili angetwambia siku ya kwanza.

Sasa analala mpaka saa kumi na moja, si kila siku lakini siku nyingi. Madrasa amerudi. Anakula, jana kamaliza viazi karai vyangu nlivyoweka. Mwezi uliopita walijaza karatasi upya kwa sababu mambo yamebadilika, na kwenye sehemu ya nne kuna mtu mpya ameongezwa hapo chini ya shogake, kwa kalamu ya bluu. Baba.

Kwa anayetaka kwenda: Jumamosi wanafunga saa saba mchana, ukitoka Likoni shuka kwa feri mapema, foleni ya asubuhi mwaijua, na kutoka feri tuktuk ya peke yenu ni kama sh 250 mpaka mlangoni. Ukifika waambie mapokezi wasiite jina, wakuitie kwa ishara, na omba ile saa ya kwanza saa tatu kabla ya korido kujaa. Sisi miadi yetu ni Jumamosi hii saa nne. Wakiongeza laini ya pili ya simu na wakianza kuita kwa namba, ntarudi hapa kuweka ile nyota ya tano.